Trekta Bado Lina Deni: Je, Ulibadilishe kwa la Kampuni Nyingine?



Somo la safari hii halihusu kupe, wala minyoo, wala homa ya mapafu ya ng'ombe. Linahusu trekta. Najua wapo watakaouliza bwana mifugo ameingiaje kwenye mambo ya injini. Jibu ni kwamba nikija bomani kuchanja nakuta kundi limepungua, na nikiuliza mitamba wako wapi naambiwa wamepelekwa mnadani kulipia rejesho. Rejesho lenyewe ni la trekta. Basi trekta limeingia zizini, na mimi nimelifuata.

Katika wilaya kama Kiteto, Simanjiro, Hanang na Monduli, kaya nyingi siku hizi zinafuga na kulima. Trekta dogo la nguvu za farasi 25 hadi 45 limekuwa msaada wa kweli. Linalima shamba la mahindi na maharage, linavuta tela la maji kutoka bwawani wakati wa kiangazi, linakata nyasi na kubeba mabua kwa ajili ya ng'ombe waliobaki nyumbani. Wengi wamelipata kwa mkopo, kwa sababu si kila mtu anaweza kuuza ng'ombe arobaini kwa siku moja, na anayeweza huwa hataki.

Shida inaanza mwaka wa pili. Trekta limeanza kuchoka, au linaonekana limechoka. Siku ya mnada anakuja wakala wa kampuni nyingine na trekta jipya linalong'aa, la rangi nyingine. Anasema: "Mzee, leta hilo la zamani, ongeza kidogo, uondoke na hili." Maneno matamu. Somo hili ni la kukusaidia kupima hilo neno "kidogo" kabla hujatia dole gumba.

Kwanza, trekta ni la nani?

Sisi wafugaji tunajua kubadilishana. Unampa mwenzako maksai mkubwa, anakupa mtamba, na jambo limekwisha hapohapo. Kila mtu anaondoka na mnyama wake, hakuna anayemdai mwenzake.

Trekta la mkopo haliko hivyo. Linafanana na ng'ombe uliyepewa na rafiki umtunze. Unamkamua, ndama wanacheza zizini kwako, watoto wamempa jina, lakini huwezi kumbadilisha na mtu mwingine bila mwenyewe kujua. Hadi rejesho la mwisho, mkopeshaji ana haki juu ya trekta. Fungua mkataba, au mwite kijana anayesoma akusomee taratibu, uangalie mambo haya: kadi ya usajili ina jina la nani na iko mikononi mwa nani, mkataba ni wa mkopo au ni wa kukodishwa hadi umalize kulipa, dhamana ni trekta peke yake au umeweka pia ardhi, nyumba au wadhamini, na ukilipa deni lote mapema unatozwa ada gani.

Kama umekodishiwa hadi umalize, trekta ni mali ya aliyekukodisha na huna unachoweza kuuza bado. Kama ni mkopo wa kawaida unaweza kubadilisha, ila deni la zamani lazima lifungwe kwanza au mkopeshaji akubali kwa maandishi. Kuuza au kubadilisha kwa siri ni kujitafutia kesi, na wadhamini wako wataburutwa pamoja nawe.

Nenda kwa mkopeshaji uombe karatasi inayoonyesha deni lililobaki leo. Usikubali kuambiwa kwa mdomo au kwa simu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka uelezwe masharti na gharama za mkopo kwa uwazi, kwa hiyo unapoomba karatasi hiyo huombi fadhila.

Hesabu ya deni na ya zizi

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Bei na riba ninazotumia ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Tuseme ulinunua trekta kwa shilingi 28,000,000. Ulitoa 8,000,000 taslimu, ukakopa 20,000,000 kwa miezi 36. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwa deni linalobaki. Rejesho lako linakuwa kama 723,000 kila mwezi.

Miezi 18 imepita, yaani nusu ya safari. Umelipa 13,014,000. Mtu atadhani deni limebaki nusu, milioni kumi. Hapana. Limebaki kama 11,330,000. Sababu ni kwamba mwanzoni sehemu kubwa ya rejesho inameza riba. Katika rejesho la kwanza, 300,000 ilikuwa riba na 423,000 tu ndiyo iliyopunguza deni. Kadiri deni linavyoshuka, riba inapungua na fedha yako inaanza kufanya kazi. Kwa maneno mengine, miaka ya mwanzo ndiyo yenye riba nzito, na ukibadilisha trekta katikati unairudia miaka hiyo upya kwenye mkopo mpya.

Sasa wakala mpya anasema atachukua trekta lako kwa 15,000,000. Inasikika vizuri. Toa deni 11,330,000. Toa ada ya kufunga mapema, tuseme asilimia 3 ya deni hilo, kama 340,000. Kilichobaki ni 3,330,000. Hicho ndicho chako, na ndicho kinachoingia kwenye trekta jipya.

Trekta jipya bei yake ni 34,000,000. Toa 3,330,000, unakopa 30,670,000. Kwa riba ileile na miezi 36, rejesho linakuwa kama 1,109,000 kwa mwezi.

Weka njia mbili pamoja. Ukibaki na la zamani, umebakiza miezi 18 ya 723,000, jumla 13,014,000. Tuseme pia fundi amesema klachi na pampu ya haidroliki zinahitaji 2,500,000. Jumla ni 15,514,000, na baada ya mwaka mmoja na nusu trekta ni lako na kadi iko sandukuni mwako. Ukibadilisha, utalipa 1,109,000 mara 36, jumla 39,924,000. Tofauti ni 24,410,000.

Wakala atasema hesabu hii si ya haki, kwa kuwa baada ya miaka mitatu trekta jipya litakuwa na thamani kubwa kuliko lile kuukuu. Hapo ana hoja, tumpe haki yake. Tuseme la kwake litauzika 18,000,000 na la kwako 9,000,000. Tofauti ya thamani ni 9,000,000. Itoe. Bado inabaki 15,410,000. Kama maksai mzuri mnadani anauzwa 700,000, hao ni maksai 22. Swali lako basi si kama trekta jipya ni zuri. Swali ni kama uzuri wake, ukiuzidi ule wa trekta lako lililotengenezwa, unafika maksai 22.

Atasema tena kwamba la kwake linakula dizeli kidogo. Nalo tulipime. Tuseme linaokoa lita moja kwa kila saa, na wewe unafanya kazi saa 400 kwa mwaka. Hizo ni lita 400. Kwa bei ya 3,000 kwa lita ni 1,200,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu 3,600,000. Ni fedha, sikatai, ila haikaribii milioni 15.

Angalia pia upande wa zizi. Rejesho la 723,000 ni takriban maksai mmoja kila mwezi. Rejesho la 1,109,000 ni maksai watatu kila miezi miwili. Hiyo ni bei ya mwaka mzuri. Wote tunakumbuka ukame wa 2009, na ule wa 2021 hadi 2022 uliolaza mifugo kaskazini mwa nchi na kwa majirani zetu wa Kenya. Ng'ombe anapokonda, bei inakonda naye. Maksai wa 700,000 akiuzwa nusu bei, rejesho jipya linataka watatu kila mwezi mmoja. Tarehe ya rejesho haijui kama mvua imenyesha.

Maksai wakiisha watu wanaanza kuuza mitamba. Hapo ndipo nalalamika kama mtu wa mifugo. Maksai ukimuuza umeuza nyama. Mtamba ukimuuza umeuza na ndama wake wote wa baadaye, na maziwa ya watoto. Kundi lililopoteza mitamba halirudi kwa mvua moja, linahitaji miaka. Mwenye rejesho na auze maksai, madume ya ziada na majike wazee, tena auze Juni au Julai wakati bado wana nyama mwilini, aweke akiba ya marejesho ya kiangazi.

Kuwa mwangalifu na hali moja mbaya zaidi. Tuseme wakala anakupa 11,000,000 tu. Ukitoa deni na ada unakuta huna kitu, tena unadaiwa 670,000. Wapo watakaokwambia, "Usijali, tutaiingiza kwenye mkopo mpya." Hapo deni la zamani limefichwa tumboni mwa deni jipya, nawe utalilipia riba miaka mitatu mingine kwa trekta ambalo halipo tena bomani kwako.

Trekta linaumwa, au limelishwa vibaya?

Ng'ombe akipunguza maziwa hatumpeleki mnadani siku hiyohiyo. Tunaangalia malisho, maji, kupe, minyoo, kiwele. Trekta nalo lipimwe kabla halijahukumiwa. Malalamiko mengi ninayoyasikia hayatokani na kampuni iliyolitengeneza.

"Linachemka." Radieta za matrekta yanayokata nyasi huziba kwa mbegu za nyasi na vumbi. Toa wavu wa mbele, safisha kwa maji au upepo kutoka upande wa injini kwenda nje, angalia mkanda wa feni na kiwango cha maji. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa. Kifuniko cha radieta yenye moto kimewaunguza watu nyuso.

"Limekosa nguvu, linatoa moshi mweusi." Anza na filta ya hewa. Kwenye vumbi letu la kiangazi huenda ikahitaji kukaguliwa kila siku ya kazi. Kisha filta ya dizeli. Dizeli ya madumu ya barabarani mara nyingi ina maji na uchafu, na pampu na nozeli haziwezi kuvumilia maji.

"Linazungusha magurudumu, haliwezi udongo wa mbuga." Hili ndilo linalowafanya wengi watamani trekta kubwa zaidi. Mara nyingi injini ina nguvu, ila trekta ni jepesi mno. Kujaza maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu na kuweka vyuma vya uzito mbele kunaweza kubadilisha kabisa kazi yake. Upepo wa tairi nao uwe wa kipimo cha kitabu. Na udongo wa mbuga uliolowa usiulime kwa trekta lolote. Subiri siku tatu, utaokoa dizeli na klachi.

"Haidroliki inanyanyua polepole." Angalia kiwango cha oili na filta yake kabla ya kununua pampu.

"Klachi inaisha haraka." Muulize dereva anaweka wapi mguu wa kushoto. Akiupumzisha juu ya pedeli siku nzima, trekta jipya la kampuni yoyote duniani litakula klachi vilevile. Ukibadilisha trekta na dereva akabaki yuleyule, ugonjwa umehamia nyumba mpya.

Mlipe fundi asiye na undugu na wakala yeyote aje alipime trekta nusu siku, na aandike kinachohitajika na bei yake. Angalia pia mita ya saa na daftari la huduma. Kama hakuna daftari, lianze leo: tarehe, saa kwenye mita, oili iliyobadilishwa, filta, na fedha iliyotumika. Siku ya kuuza, mnunuzi atalipia daftari hilo kama anavyolipia ng'ombe anayejulikana mama yake.

Vipuri ndivyo vinavyoamua

Nikiulizwa sababu moja ya kweli ya kubadilisha kampuni, nitasema vipuri. Trekta linaloweza kutengenezwa ndani ya siku mbili ni bora kuliko lenye nguvu zaidi linalosubiri kipuri miezi miwili wakati wa kulima umepita.

Tanzania tumeyaona haya. Matrekta ya Ursus kutoka Poland yaliunganishwa Kibaha kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, watu wakayapokea kwa furaha, na mwaka 2021 kampuni mama huko Poland ikatangazwa kufilisika. Mwenye trekta hakufanya kosa lolote, lakini mtengenezaji akianguka, anayetafuta kipuri ndiye anayehangaika. Na kabla ya hapo, baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila ziliingia vijijini kwa wingi. Leo ukipita utaziona baadhi chini ya miti, kuku wametagia kwenye viti vyake.

Fanya jaribio hili, halihitaji elimu kubwa. Andika vipuri saba: filta ya oili, filta ya dizeli, mkanda wa feni, sahani ya klachi, pampu ya maji, sili za haidroliki na nozeli. Piga simu kwenye maduka matatu, uulize bei na siku za kupata kila kimoja, kwa trekta lako na kwa lile jipya. Usimpigie wakala peke yake, yeye atasema vyote vipo. Piga na kwa maduka ya mjini unakouzia ng'ombe. Halafu waulize waliokwisha kutumia trekta hilo kwa misimu miwili au zaidi. Mwenye trekta la miezi mitatu bado yuko kwenye harusi, hawezi kukuambia kitu.

Fundi pia ni kipuri. Massey Ferguson, New Holland, John Deere, Kubota, Mahindra, Swaraj, yote yana sifa zake na watu wake. Lakini kama fundi wa karibu nawe amezoea rangi nyekundu, rangi ya bluu itakugharimu nauli ya fundi kutoka mjini kila linapokohoa. Kituo cha CAMARTEC kule Arusha ni cha serikali na kazi yake ni zana za kilimo, pamoja na kuzipima. Ukiwa na safari ya Arusha, pita uwaulize kuhusu trekta unalolifikiria.

Jembe, tela na mashine za nyuma

Watu husahau kwamba trekta halifanyi kazi peke yake. Ulinunua jembe, haro, tela, labda na mashine ya kukata nyasi. Je, vitaingia kwenye trekta jipya?

Pima pini za mikono ya chini. Matrekta madogo mengi yana pini za milimita 22 chini na 19 juu. Yale makubwa zaidi yana 28 chini na 25 juu. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa vishikizo vya kati, lakini jembe lililotengenezwa kwa trekta dogo likifungwa kwenye trekta lenye nguvu zaidi linaweza kupinda. Shafti ya PTO iwe ya mizunguko 540 kwa dakika, na meno yake yalingane na ya mashine yako. Koleo la mbele la kubebea samadi, kama unalo, kwa kawaida limetengenezwa kwa aina moja tu ya trekta na halihami. Kama ukibadilisha utalazimika kununua vifaa upya, iongeze gharama hiyo kwenye hesabu. Wakala hataikumbusha.

Ukiwa bado unataka kubadilisha

Usianze kwa kusema una trekta la kubadilisha. Uliza kwanza bei ya trekta jipya kwa mtu anayelipa taslimu, iandike. Siku nyingine uliza atachukua la zamani kwa kiasi gani. Ukivichanganya vyote viwili, atakupandishia bei ya la zamani na kuirudisha kwenye jipya, nawe utarudi nyumbani unafurahi. Kinachokuhusu ni nyongeza tu, kiasi gani unaongeza.

Mwite pia mnunuzi mwingine, mkulima wa jirani au kikundi, akupe bei yake. Mkopeshaji akikubali, mnunuzi anaweza kulipa deni moja kwa moja benki na kukupa kinachozidi. Mara nyingi bei ya mtu binafsi huipita ya wakala, kwa sababu wakala lazima aliuze tena kwa faida.

Mwombe wakala alilete trekta lake shambani kwako, kwenye udongo wako, lifungwe jembe lako. Jaza tangi hadi juu, lima ekari mbili, jaza tena kwa dumu lenye alama. Fanya hivyohivyo na trekta lako siku hiyohiyo. Hapo utajua habari za dizeli bila kusimuliwa. Wakala anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Soma waranti. Ni ya miezi mingapi au saa ngapi, fundi anakuja bomani au wewe unalipeleka trekta mjini, nani analipa usafiri. Waranti ya kulipeleka trekta kilomita 200 juu ya lori kwa gharama yako ni karatasi tu.

Kubadilisha kuna wakati wake. Kama vipuri vimekwisha kabisa nchini, badilisha. Kama ulichukua trekta dogo mno na kazi ya kukodishwa unayo kweli, kwa daftari na si kwa ndoto, badilisha. Kama deni limeisha au limebaki marejesho mawili matatu, uko huru kuchagua, na utapata bei nzuri kwa sababu kadi ni yako. Lakini kama kinachokusumbua ni ukubwa wa rejesho, kubadilisha trekta ni dawa isiyo ya ugonjwa huo. Nenda kwa mkopeshaji kabla hujachelewa hata rejesho moja, uombe mpango mpya unaofuata msimu: kulipa zaidi baada ya mavuno na baada ya minada ya Juni na Julai, kulipa kidogo Septemba hadi Novemba. Baadhi yao hukubali, hasa kwa mtu mwenye historia nzuri. Kwa aliyekwisha kuchelewa miezi minne, masikio yao huwa mazito.

Nani akae kwenye kikao

Nimeona mikataba ya trekta ikitiwa saini na mzee peke yake pembeni mwa mnada. Rejesho linapokuja, ng'ombe wanaouzwa ni wale waliogawiwa nyumba za akina mama, na vijana ndio wanaowaswaga kwenda kuuzwa. Basi waitwe kabla. Mama anajua ni jike gani analisha watoto. Kijana anayeendesha anajua trekta linaumwa wapi. Na kama dhamana ni ardhi yenye nyumba ya familia, sheria ya ardhi ya mwaka 1999 inataka mwenza akubali, hivyo saini yake si ya kuombwa dakika ya mwisho kwa haraka.

Jambo moja dogo nje ya somo. Trekta lenye nguvu zaidi hutamani shamba kubwa zaidi. Kabla ya kufungua ardhi mpya ili lilipe deni lake, angalieni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Nyanda za malisho zilizolimwa huchukua miaka mingi kurudisha nyasi zake, na ng'ombe wako ndio watakaokosa pa kwenda.

Maswali ya kujadili bomani

Chukueni karatasi, mwandishi awe kijana wa shule, wazee wasimamie.

1. Deni lililobaki leo ni kiasi gani, kwa karatasi ya mkopeshaji?

2. Trekta letu lina saa ngapi kwenye mita, na fundi amesema linahitaji nini?

3. Ukitoa deni na ada kwenye bei ya wakala, tunabaki na nini mkononi?

4. Rejesho jipya ni maksai wangapi kwa mwezi katika mwaka mzuri? Na katika mwaka wa ukame?

5. Trekta liliingiza shilingi ngapi mwaka jana kwa kulima, kuvuta maji na kukodishwa, baada ya kutoa dizeli, dereva na vipuri? Kama hakuna anayejua, daftari lianze kesho na uamuzi usubiri msimu mmoja.

6. Kati ya ng'ombe tulio nao, ni wepi ambao hawatauzwa kwa ajili ya trekta kwa hali yoyote? Waandikwe kwa majina na rangi zao, na kila mwenye nyumba awepo wanapoandikwa.

Mkishajibu, nileteeni karatasi hiyo siku ya chanjo josho litakapofunguliwa. Hesabu tutaipitia pamoja kivulini ng'ombe wakiendelea kupita.